Neno "Park" na Visawe Vyake vya Kiswahili: Maegesho, Bustani, Mbuga na Hifadhi katika Mazingira ya Karatu na Ngorongoro

Ikisiri

Makala hii inachunguza asili na maana mbalimbali za neno la Kiingereza "park", pamoja na maneno ya Kiswahili yanayotumiwa kulitafsiri, kwa kuchukua mazingira ya Karatu na Ngorongoro kuwa kielelezo. Inaonyeshwa kwamba Kiswahili kimezigawa maana nyingi za neno hilo katika leksimu zilizo wazi, yaani maegesho, bustani na mbuga. Hata hivyo, katika uwanja mmoja, ule wa uhifadhi wa ardhi, Kiswahili kimekusanya chini ya neno moja, hifadhi, mambo ambayo sheria za mwaka 1959 ziliyatenganisha. Hoja kuu ni kwamba utata huo hauishii kwenye kamusi. Unagusa namna sheria zinavyotafsiriwa na namna wananchi wanavyoelewa haki yao ya kuishi mahali fulani.

1.0 Utangulizi

Mji wa Karatu uko kando ya barabara itokayo Arusha kupitia Mto wa Mbu na kupanda hadi geti la Lodoare, ambalo ndilo lango kuu la kuingilia Ngorongoro. Kwa sababu ya mahali ulipo, mji huu umekuwa kituo cha watalii, madereva, waongozaji watalii na wapishi wa kambi. Humo Kiiraqw, Kimaasai, Kidatoga, Kihadzabe, Kiswahili na Kiingereza hukutana kila siku. Katika mazungumzo ya asubuhi moja tu, dereva anaweza kuelezwa kwa Kiingereza kwamba gari lake limesimama mahali pasipo "park" ya magari, kwamba mgeni wake anataka kwenda katika "park", na kwamba kishikio cha gia kiwekwe kwenye herufi P, ambayo ni kifupisho cha neno hilohilo. Akiyaeleza mambo hayo matatu kwa Kiswahili, dereva huyo hatatumia neno moja. Atasema maegesho, atasema mbugani au hifadhini, na kuhusu gia atabaki na herufi yenyewe.

Hali hiyo inazua maswali mawili. La kwanza ni la kihistoria: ilikuwaje neno moja la Kiingereza likabeba maana zilizo mbali kiasi hicho? La pili ni la kisemantiki na kileksikografia: Kiswahili kimezigawaje maana hizo, na katika mgawanyo huo kimepata nini na kimepoteza nini? Swali la pili lina uzito wa pekee kwa Ngorongoro, kwa kuwa hapo ndipo maana ya "park" ilipochorewa mpaka ardhini, nayo ardhi ikagawanywa kufuatana na maana hiyo.

2.0 Asili na Mtawanyiko wa Maana za "Park"

2.1 Uzio wa mifugo na wanyama wa kuwindwa

Neno "park" liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani, ambamo lilikuwa "parc". Umbo la Kilatini cha Zama za Kati ni "parricus". Inakubaliwa kwa jumla kwamba nyuma ya maumbo hayo kuna neno la lugha za Kijerumani za kale lililotaja uzio, au ardhi iliyozungushiwa uzio. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno "pearroc" la jamii hiyohiyo, ambalo limeendelea kuishi katika umbo "paddock", yaani kiwanja kidogo kilichozungushiwa uzio kwa ajili ya farasi au mifugo mingine. Kijerumani cha leo nacho kina neno "Pferch", ambalo maana yake ni zizi. Kwa hiyo kiini cha neno hili, tangu mwanzo, ni uzio. Na miongoni mwa vitu vilivyowekwa ndani ya uzio huo walikuwamo mifugo.

Baada ya Wanormani kuitawala Uingereza, neno hili lilipata maana ya kisheria. "Park" ilikuwa ardhi iliyozungushiwa uzio kwa idhini ya mfalme ili kutunza paa na kulungu wa kuwindwa na bwana mwenye ardhi. Ilitofautishwa na "forest". Neno hilo la pili katika sheria ya wakati ule halikumaanisha lazima mahali penye miti mingi. Lilimaanisha ardhi iliyokuwa chini ya sheria maalumu ya uwindaji ya mfalme, iwe na miti au isiwe nayo. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa sababu linaonyesha kwamba majina ya aina za ardhi tangu zamani hayakueleza sura ya nchi tu. Yalieleza nani ana amri juu yake, na nani amekatazwa kufanya nini.

2.2 Bustani ya umma

Kadiri karne zilivyopita, uwindaji ulipungua na uzuri wa mandhari ukathaminiwa zaidi. "Park" ikawa pia eneo la nyasi na miti lililozunguka jumba la tajiri. Hyde Park ya London ni mfano mzuri wa mabadiliko hayo: mfalme Henry VIII aliichukua mwaka 1536 ili aitumie kwa uwindaji, na katika karne ya 17 ikafunguliwa kwa umma. Uzio ulibaki na jina likabaki, ila aliyeruhusiwa kuingia alibadilika. Huu ni mfano wa upanuzi wa maana: sifa ya [uwindaji] inadondoka, na sifa ya [mapumziko] inaingia mahali pake.

2.3 Kutoka jeshini hadi barabarani

Tawi jingine la maana lilikua jeshini. Mahali palipokusanywa mizinga, mikokoteni na akiba ya vifaa vya vita paliitwa "park". Kutokana na maana hiyo kukazaliwa kitenzi chenye maana ya kuweka mizinga au mikokoteni kwa mpangilio, na magari yalipokuja kitenzi hicho kikahamia kwayo. Maana ya kuegesha gari, ambayo leo hutangulia akilini mwa wengi, ni changa kuliko zote zilizotajwa hapo juu. Katika Kiingereza cha Uganda tawi hili limezaa tanzu yake: kituo kikuu cha teksi na mabasi huitwa "park", kama ile maarufu ya zamani iliyoko Kampala. Mahali kama hapo Tanzania huitwa stendi.

2.4 "Park" ya taifa

Tawi la mwisho ndilo linalotuhusu zaidi. Mwaka 1872 Bunge la Marekani lilitenga ardhi ya Yellowstone isiuzwe wala isikaliwe na walowezi, bali iwe mahali pa kuburudisha umma. Wenyeji wa asili waliokuwa wakiishi na kuwinda humo waliondolewa katika miaka iliyofuata. Wazo hilo lilifika Afrika katika karne ya 20. Mwaka 1925 Wabelgiji walianzisha katika Kongo hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga. Mwaka 1926 ikafuata Kruger huko Afrika Kusini. Mkataba wa London wa mwaka 1933 kuhusu wanyama na mimea ya Afrika uliipa istilahi hiyo maana rasmi ya kimataifa: eneo lililo chini ya mamlaka ya umma, lenye mipaka isiyobadilishwa ila kwa chombo cha kutunga sheria, ambamo uwindaji umezuiwa.

Hata hivyo, kutokuwapo kwa wakazi hakukuwa sehemu ya lazima ya maana ya neno hili kila lilipotumika. Ushahidi ulio wazi kabisa unatoka Uingereza yenyewe. Sheria ya mwaka 1949 ya nchi hiyo iliwezesha kuanzishwa kwa maeneo yaliyopewa jina lilelile la "park" ya taifa, na la kwanza, Peak District, lilitangazwa mwaka 1951. Ndani yake kuna vijiji, mashamba na maelfu ya wakazi mpaka leo, na hakuna anayeona kwamba jina hilo linapingana na hali hiyo. Mwaka huohuo wa 1951, chini ya serikali hiyohiyo ya Kiingereza, Serengeti ilianza kuendeshwa kama "park" ya taifa huko Tanganyika. Historia ya maeneo hayo mawili ilitengana baadaye, lakini jina halikubadilika.

3.0 Visawe vya Kiswahili

3.1 Paki na maegesho

Katika maana ya gari, Kiswahili kimefuata njia mbili. Ya kwanza ni utohozi: kitenzi paki, kinachosikika kote mijini. Kwa kuwa kinaishia na irabu -i, kitenzi hiki kinaambatana na vitenzi vya mkopo kama vile rudi na fikiri. Ugumu unajitokeza katika unyambulishaji. Umbo la kutendea la paki linapaswa kuwa pakia, nalo lingefanana kabisa na kitenzi cha zamani pakia, chenye maana ya kuweka mizigo katika chombo. Utata huo unaonekana katika sentensi ifuatayo:

(1) Gari limepakiwa mbele ya geti.

Msikilizaji anaweza kuelewa kwamba gari limetiwa mizigo hapo, au kwamba limesimamishwa hapo. Pengine hii ni sababu mojawapo inayowafanya wasemaji wapendelee kusema "gari limepaki", wakilifanya gari lenyewe kuwa mtenda.

Njia ya pili ni kupanua maana ya neno lililokuwapo. Kitenzi egesha kilitumika kwa chombo cha majini kinaposogezwa ufukoni au gatini. Kutokana nacho yamepatikana maegesho, yaani mahali pa kusimamishia magari. Ulinganifu wake na Kiingereza unavutia: Waingereza walilitoa neno lao jeshini, na Waswahili wakalitoa lao baharini. Dereva wa Karatu, aliye mamia ya kilomita kutoka pwani, anapoegesha gari lake anatumia bila kujua istilahi ya mabaharia.

3.2 Bustani

Katika maana ya mahali pa mapumziko mjini, kisawe ni bustani. Neno hili lina asili ya Kiajemi na lilikifikia Kiswahili kwa njia ya Kiarabu. Maana yake ya msingi ni shamba dogo la maua, mboga au matunda. Kwa upanuzi wa maana, hutumika pia kwa viwanja vya umma, kama Bustani ya Uhuru ya Nairobi. Hapa tofauti ya mtazamo kati ya lugha mbili iko wazi: Kiingereza kinatazama mpaka, Kiswahili kinatazama kilichopandwa.

3.3 Mbuga

Mbuga ni neno la Kibantu linalotaja uwanda ulio wazi, wenye nyasi na miti michache. Katika sehemu nyingi za bara hutaja hasa bonde tambarare lenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaotuamisha maji wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Kwa maana hiyo ya pili neno hili lilipata bahati isiyo ya kawaida, kwani wataalamu wa udongo wa Tanganyika ya kikoloni waliliingiza katika maandishi yao ya Kiingereza. Mbuga, kwa asili yake, ni neno la sura ya nchi. Halisemi lolote kuhusu mamlaka, mpaka wala ruhusa.

Kwa kuwa wanyama wakubwa huonekana kwa urahisi katika nyanda za wazi, neno hili lilihamia kutoka mahali hadi kwa wanaopatikana mahali hapo, na ukazaliwa usemi mbuga za wanyama. Uhamisho huo umekwenda mbali kiasi kwamba leo mtu wa Karatu husema anakwenda mbugani ilhali safari yake inapita kwanza katika msitu mnene wa mteremko wa Ngorongoro. Kenya imelifanya neno hili kuwa istilahi rasmi, ndiyo maana husikika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Tanzania haikufuata njia hiyo katika lugha ya kiserikali, na upo uzuri katika uamuzi huo, kwa kuwa mlima kama Kilimanjaro au kisiwa kama Rubondo haviwezi kuitwa mbuga bila kulitenga neno na maana yake ya msingi.

3.4 Hifadhi

Tanzania ilichagua hifadhi. Neno hili linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kulinda, kutunza na kuweka moyoni. Kutokana na mzizi huo Kiswahili kina matumizi mengi: mwanafunzi wa chuo huhifadhi Kurani, mzazi humwombea mwanawe hifadhi ya Mungu, mkimbizi huomba hifadhi katika nchi jirani, mfanyakazi huchangia mfuko wa hifadhi ya jamii. Katika matumizi hayo yote, hifadhi ni tendo au hali, na anayehifadhiwa ni mtu au kitu chenye thamani. Katika mfano wa mkimbizi na ule wa mfuko, kinachohifadhiwa ni binadamu.

Katika uwanja wa ardhi, neno limetoka kwenye tendo likawa jina la mahali. Hifadhi ya Taifa ni kisawe cha "park" ya taifa, na shirika linalosimamia maeneo hayo ni Shirika la Hifadhi za Taifa. Lakini neno hilohilo limetumika pia kutafsiri istilahi nyingine za Kiingereza zisizo na uhusiano na "park". Msitu uliotengwa kisheria ni hifadhi ya msitu. Eneo la wanyamapori linaloendeshwa na vijiji lina jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori. Na "conservation area", ambayo ndiyo hadhi ya kisheria ya Ngorongoro, nayo huitwa hifadhi. Istilahi mbili tu zimejitenga na mkusanyiko huu, nazo ni pori la akiba na pori tengefu.

4.0 Mstari wa Mwaka 1959

Ili kuona kilichofichwa na neno hifadhi, ni lazima kurejea katika historia ya mahali penyewe. Serengeti ilipoanza kuendeshwa kama "park" ya taifa mwaka 1951, mipaka yake ilijumuisha pia nyanda za juu za Ngorongoro. Humo walikuwamo wafugaji wa Kimaasai, na hapo mwanzo kuwapo kwao hakukuhesabiwa kuwa kunabatilisha jina la eneo. Katika miaka ya 1950 mvutano kati ya wakazi na utawala ulikua, hasa juu ya kilimo na malisho. Mwaka 1956 Serikali ilitoa mapendekezo ya kuligawa eneo. Mapendekezo hayo yakazua ubishi mkubwa ndani na nje ya nchi, na mwaka 1957 mwanaikolojia W. H. Pearsall akatoa ripoti yake baada ya kulikagua eneo hilo.

Mgawanyo ulikamilishwa mwaka 1959 kwa sheria mbili, ambazo leo zinajulikana kama Sura ya 282, kuhusu hifadhi za taifa, na Sura ya 284, kuhusu Ngorongoro. Upande wa magharibi ukabaki "park", na wafugaji wakahamishwa kutoka humo. Upande wa mashariki, wenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 8,200, ukaondolewa jina la "park" na kupewa jina jipya la "conservation area". Jina hilo jipya lilibuniwa kwa sababu ya watu. Kama Ngorongoro isingekuwa na wakazi ambao Serikali iliahidi kuwaacha, kusingekuwa na haja ya kulitafutia eneo hilo neno jingine.

Kwa mtazamo wa semantiki, tukio hilo ni la namna yake. Kabla ya 1959, sifa ya [makazi ya watu] haikuwa imeamuliwa katika maana ya "park" huko Tanganyika. Baada ya 1959 ilikuwa imeamuliwa kuwa hasi. Mpaka kati ya Serengeti na Ngorongoro ni mpaka kati ya maana mbili. Tofauti hiyo inaweza kuonyeshwa hivi:

Hifadhi ya taifa: [+mipaka ya kisheria] [+wanyamapori] [-makazi ya wafugaji]
Ngorongoro: [+mipaka ya kisheria] [+wanyamapori] [+makazi ya wafugaji]
Pori la akiba: [+mipaka ya kisheria] [+wanyamapori] [-makazi ya wafugaji] [+uwindaji kwa leseni]

Sheria ya Ngorongoro ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1975, kilimo kilikatazwa. Mwaka mmoja kabla yake, wakazi wa ndani ya kreta walikuwa wameondolewa humo. Kilimo kiliruhusiwa tena mwaka 1992 na kusimamishwa mwaka 2009. Pamoja na mabadiliko hayo, sheria iliendelea kuitaja kazi ya kulinda na kuendeleza maslahi ya wafugaji wa Kimaasai kuwa moja ya kazi za Mamlaka, sambamba na kuhifadhi maliasili na kukuza utalii. Sifa ya [+makazi ya wafugaji] ilipunguziwa upana, lakini haikufutwa.

5.0 Hifadhi na Kosa la Hoja

Sasa zitazamwe sentensi zifuatazo, zilizotungwa kwa ajili ya uchambuzi:

(2) Katika hifadhi watu hawaruhusiwi kuishi.
(3) Ngorongoro ni hifadhi.
(4) Kwa hiyo, katika Ngorongoro watu hawaruhusiwi kuishi.

Kwa umbo lake, hoja hii inaonekana kukamilika. Sentensi ya (2) ni kweli ikiwa hifadhi ina maana ya hifadhi ya taifa. Sentensi ya (3) ni kweli ikiwa hifadhi ina maana ya "conservation area". Lakini neno la kati limebadilisha maana njiani, na kwa hiyo hitimisho la (4) halifuati. Zikitafsiriwa kwa Kiingereza cha sheria, kosa huonekana mara moja, kwa sababu sentensi ya (2) itakuwa na "park" na ya (3) itakuwa na neno jingine.

Kosa hilo linaweza kwenda upande wa pili pia. Mtu anaweza kusema kwamba Ngorongoro ni hifadhi na ina wafugaji, na kwamba kwa hiyo si kosa kuingiza mifugo katika hifadhi yoyote, Serengeti ikiwamo. Hoja hii nayo inategemea utata uleule. Neno lisilotofautisha halimpendelei yeyote. Humponza kila anayelitegemea.

Inaweza kupingwa kwamba muktadha huondoa utata. Ni kweli kwamba mkazi wa Karatu au wa Ngorongoro hahitaji kamusi ili ajue tofauti kati ya Serengeti na kwao. Lakini mjadala wa Ngorongoro hauishii Ngorongoro. Mwaka 2022 ulipoanza uhamishaji wa wakazi kwenda Msomera, wilayani Handeni, ambao Serikali iliueleza kuwa ni wa hiari na ambao baadhi ya wakazi na watetezi wa haki za binadamu waliupinga, suala hilo lilijadiliwa nchi nzima na watu ambao wengi wao hawakuwahi kufika huko. Kwa msomaji wa mbali, neno hifadhi ndilo muktadha wenyewe.

Mfano wa pili kutoka wilaya hiyohiyo unaonyesha kwamba neno kuu katika jina la eneo ndilo linalobeba uzito wa sheria. Mwaka 2022 eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,500 huko Loliondo lilitangazwa kuwa pori tengefu la Pololeti, na kabla ya mwaka huo kwisha likatangazwa kuwa pori la akiba. Ardhi ilikuwa ileile na nyasi zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni maneno mawili, na pamoja nayo masharti ya nani aweza kufanya nini.

Utata una chanzo kingine, nacho ni cha kisintaksia. Katika jina Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, hifadhi inaweza kusomwa kuwa tendo, yaani mamlaka inayoihifadhi Ngorongoro, au kuwa mahali, yaani mamlaka ya mahali paitwapo Hifadhi ya Ngorongoro. Usomaji wa kwanza uko karibu zaidi na sheria ya 1959, na pia uko karibu na maana ya asili ya neno, ambamo binadamu naye aweza kuwa mhifadhiwa. Usomaji wa pili ndio ulioenea, nao unaiweka Ngorongoro katika orodha moja na hifadhi za taifa.

6.0 Mapendekezo kwa Leksikografia na Tafsiri ya Sheria

Suala hili limepata umuhimu zaidi tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Sheria zilizotungwa kwa Kiingereza hazina budi kutafsiriwa, na mfasiri wa Sura za 282 na 284 anakutana uso kwa uso na tatizo lililoelezwa hapa. Mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, kamusi za Kiingereza na Kiswahili zisiorodheshe visawe vya "park" kwa mkato mmoja, kana kwamba vinaweza kubadilishana nafasi. Kila maana ipewe namba yake: maegesho kwa magari, bustani kwa mapumziko ya mjini, hifadhi ya taifa kwa eneo la kisheria la wanyamapori. Mbuga itajwe pamoja na maelezo kwamba ni istilahi rasmi Kenya, na kwamba Tanzania ni neno la mazungumzo.

Pili, katika kamusi za Kiswahili kwa Kiswahili, kidahizo hifadhi kitenganishe tendo na mahali, na maana ya mahali ieleze kwamba zipo aina kadhaa zenye masharti tofauti kuhusu makazi.

Tatu, katika maandishi ya sheria, neno hifadhi lisitumike peke yake kama jina la mahali. Pa kutaja "park", isemwe hifadhi ya taifa kwa ukamilifu wake. Pa kutaja hadhi ya Ngorongoro, isemwe eneo la uhifadhi. Umbo uhifadhi linataja tendo, nalo neno eneo linabaki wazi kuhusu aliyemo. Istilahi hii haihitaji neno jipya. Inahitaji uthabiti wa matumizi tu.

Nne, wanaistilahi wachunguze lugha za wenyeji kabla ya kukopa kutoka mbali. Wamaasai wana olopololi, malisho yaliyotengwa karibu na maboma kwa ajili ya ndama. Wasukuma wana ngitili, malisho yaliyotunzwa kwa ajili ya kiangazi, na neno hilo tayari limeingia katika maandishi ya wataalamu wa misitu na mifugo. Yote mawili yanataja ardhi iliyotengwa kwa makubaliano ya watu wanaoishi humo. Ajabu ni kwamba dhana hizo ziko karibu na "park" ya kale, ile iliyozaa "paddock", kuliko ilivyo "park" ya leo.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba neno "park" lilianza kama uzio, ambamo mifugo nayo ilikuwamo, likawa mahali pa uwindaji wa wakubwa, likawa bustani ya umma, kambi ya mizinga, maegesho ya magari, na hatimaye ardhi ya taifa. Kiswahili kimezigawa maana hizo kwa ufasaha pale ambapo Kiingereza kimezichanganya. Katika uhifadhi wa ardhi hali imekuwa kinyume, kwani Kiingereza cha sheria kilitenganisha na Kiswahili kikakusanya.

Neno hili halijamaliza safari yake. Mwaka 2018 UNESCO iliitambua Ngorongoro-Lengai kuwa "geopark", na katika Kiswahili cha Tanzania umbo jiopaki limeanza kutumika. Eneo hilo linazidi mipaka ya Ngorongoro na kuingia Karatu, pamoja na miji yake, mashamba yake na wakulima wake. Kwa hiyo sehemu ya ardhi iliyovuliwa jina la "park" mwaka 1959 kwa sababu ina watu imerudishiwa jina hilo katika sura nyingine, na safari hii watu wamo ndani ya maana yake. Mfasiri atakayeandika jiopaki leo na hifadhi kesho, akizungumzia ardhi ileile, atakuwa na wajibu wa kueleza ni ipi kati ya hizo inayomtambua mkazi.